Pingili ya Nne na ya Tano

Bahasha ni pana kuliko kifua changu.
Nimeikumbatia tangu hospitali hadi Mpunguzi
kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani
asijue ampakate vipi.

Ndani ya ile mashine nililala bila hereni, bila pete.
Iligonga, ikanguruma, ikagonga,
kama mashine ya kusaga ya Ndahani ikizunguka tupu.
Nikafumba macho nikahesabu mistari ya mizabibu,
nikafika ule wa kumi na saba ulioliwa na mchwa,
nikarudi mwanzo.

Lechipya, mtoto wa dada, yuko kidato cha tatu.
Akafasiri karatasi kwa sauti ya mhubiri mgeni:
diski imetuna. Imekauka. Imechakaa.
Pingili ya nne na ya tano. Mshipa wa fahamu umeguswa.
Kila neno likanikalia mgongoni kama kreti.

"Imechakaa," akarudia shemeji Chidumizi,
na macho yake yakaenda moja kwa moja
kwenye nusu eka ya chini, yenye maji.
Kabla jua halijatua alishataja bei,
na mnunuzi, na mpasuaji wa Dar es Salaam.
Mgongo ulishapigwa mnada
nami bado nimeusimamia.

Jumatatu nikarudi na maswali matatu
nyuma ya risiti ya salfa:
Nitapooza? Nipasuliwe?
La tatu niliona haya kulisoma: nitapogoa tena?

Daktari hakuanza na picha.
Alinivua viatu, akanitembeza kwa visigino,
kisha kwa ncha za vidole.
Akagonga goti kwa kinyundo, likaruka
kama mbuzi aliyesikia jina lake.
Akauliza kama mkojo unanitoroka,
kama nina ganzi pale ninapokalia.
Nikacheka kwa aibu, nikasema hapana.
"Siku jibu likiwa ndiyo," alisema, naye hakucheka,
"usingoje kukuche."

Ndipo akaiinua picha dirishani,
nikamwona yule wa ndani yangu,
mweupe, mweusi, kijivu, amepinda kidogo
kama shina lililozoea waya.
"Una miaka mingapi?"
Hamsini na miwili.
"Basi nyingi ya hizi ni mvi, Damari. Mvi za ndani.
Wapo huko nje wanatembea nazo
na hawajaumwa hata siku moja.
Hapa tu, ona, diski imesogelea mshipa,
ndiyo maana mguu unawaka.
Mara nyingi hutulia. Kwa miezi, si kwa siku."

Vidonge kwa siku mbaya.
Mazoezi kwa siku zote.
Sindano, kama mguu utakataa kusikia,
nayo hutuliza kwa muda, haiapi.
Kisu kipo, ila kiko nyuma ya foleni.

Na ule ubao ambao mama mkwe
amenitandikia nilalie wiki sita?
"Kitanda ni cha usiku," akasema, akaita mwingine.

Chumba cha mazoezi kina mkeka mmoja na Bi Perisi.
Akafungua simu, akanionyesha mgongo:
diski ileile, imetuna kuliko yangu.
Wa nani huyu, maskini?
"Wangu," akasema. "Haya, lala chali, kunja goti."
Nje, baiskeli yake imeegemea ukuta,
tairi limejaa vumbi jekundu.

Nusu eka haikuuzwa.
Chidumizi ameninunia, salamu anaitoa nusu.
Napogoa nikiwa nimekaa kigodani,
mistari miwili, nasimama, najinyoosha,
vijana wa jirani wananiigiza, waache.
Kreti anabeba Lechipya.

Jana mguu uliwaka tena,
kutoka kalioni hadi kidole gumba.
Niliogopa. Kisha nikatembea kwa visigino
hadi zizini na kurudi,
nikakuta bado naweza.

Karatasi iko juu ya kabati.
Lechipya anaomba aisome tena, sasa anajua maana.
Nimemwambia asome,
ila safari hii aanzie juu kabisa,
pale kwenye jina langu,
alipoparuka.